Kurasa Ambamo Hakuna Anayekufa

Kaka yangu Ekai, popote ulipo na ng'ombe,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Tangu juzi nasoma sura moja tu ya kile kitabu chetu. Nikifika mwisho narudi mwanzo. Ni ile sura ya karamu, ambayo mwandishi anataja kila sahani iliyowekwa mezani, nani alikaa karibu na nani, babu yake alikuwa nani na ngao ya ukoo wake ilichorwa nini. Wewe ulisema karamu hiyo ingekuwa ya kweli, nyama ingeoza kabla wageni hawajaambiwa waketi. Inachosha, kaka. Inachosha mpaka macho yanauma. Na mimi sitaki iishe, kwa sababu katika sura hiyo hakuna anayekufa.

Mama anadhani nasoma ya shule. Anachungulia hapa chumbani, anaona nimeinamia kitabu, ananiambia, "Soma, mama. Soma usiwaze." Kisha anarudi kukaa kwenye kivuli cha ukuta, uso ameuelekeza barabara ya Lopur.

Nitafika kwenye sababu ya yeye kukaa pale. Unanijua, siwezi kusema kitu kikubwa moja kwa moja. Hata darasani mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua vizuri, sauti inakwama, wenzangu wanasema nimemeza kufuli. Ni wewe tu ambaye sikuwahi kumezea chochote.

Unakumbuka siku nilipokileta kitabu hicho? Shule ilikuwa imefungwa, nimefika kutoka Lodwar na vumbi hadi kwenye kope. Uliinua begi langu ukauliza kama siku hizi serikali inatugawia mawe ya kujengea. Nikakutolea kitabu. Nikakueleza kwamba maktabani kwetu kilikuwa kinazuia dirisha lisigonge upepo ukivuma, na wasichana wa bweni letu wakakiita Mto wa Kulalia. Ulikifungua katikati, ukajaribu Kiingereza chake, midomo ikienda polepole. Halafu ukakifunga ukanirudishia bila kunitazama.

"Kiingereza kilinikimbia zamani," ulisema. "Hiki Kiswahili nacho naona kinafunga mizigo. Nisomee kwa Kiswahili, kisiende."

Baba alipochagua mtoto wa kubaki na mifugo na mtoto wa kwenda shule, hatukuulizwa. Ulikuwa darasa la sita na hesabu ulinishinda mbali. Ukavua sare, ukanipa sweta yako, ukatoka na mbuzi asubuhi iliyofuata kama mtu aliyetumwa dukani. Kwetu hakuna anayeona hilo ni la kuombana msamaha, kila boma lina mtoto wa fimbo na mtoto wa kalamu. Lakini sweta ile bado ninayo, na siwezi kuivaa bila kukumbuka jinsi mikono yake ilivyokuwa mirefu kwangu.

Basi nikakusomea. Na ndiyo maana hata barua hii naiandika kwa Kiswahili.

Tulisomea visimani, pale mto wa Tarach unapokauka na watu wanachimba mchanga kutafuta maji. Wewe ulikuwa ndani ya shimo, unachota na kumimina juu kwenye birika la mbao, mimi nimekaa ukingoni na kitabu mapajani, naugeuza ukurasa kuwa Kiswahili kichwani kabla ya kuutamka. Watu wa visima vingine waliwaimbia ng'ombe wao wanywe. Mbuzi wako walikunywa wakisikiliza habari za mfalme mgonjwa na daraja la barafu. Yule mzee wa kisima cha jirani alivumilia siku kadhaa, kisha akaita, "Ekai, mbuzi zako zimeokoka?" Sauti yako ikatoka chini ya ardhi: "Bado, mzee. Ziko darasa la ubatizo."

Majina ndiyo yalitushinda. Marefu, yanafanana, na kila mtu alikuwa na jina la baba, la ngome na la upanga. Ulikuwa unanisimamisha kila baada ya sentensi mbili kuuliza huyu ni nani sasa. Mpaka siku moja ukachoka ukauliza, "Ana farasi wa rangi gani?" Nikasema mwekundu. "Basi huyo ni Apaloreng. Endelea." Ulimpa jina lako mwenyewe bila haya, jina ulilopewa kwa ajili ya lile dume lako jekundu unaloliimbia. Tangu hapo hadithi ikatembea. Kila mtu katika ufalme ule akaitwa kwa mnyama wake kama wanaume wa kwetu, na sidhani mwandishi angewatambua tena watu wake.

Mimi nilitaka kuruka. Vita ilikuwa mbele, mapenzi yalikuwa mbele, na sisi tumekwama kwenye ukurasa wa kueleza aina za mawe ya mnara. Wewe ulilalamika kunishinda, ulipiga miayo mpaka nikaisikia juu, lakini ukisikia nimefunua karatasi mbili pamoja ulijua. Nilikuuliza unapata raha gani hapa. Ulitoa kichwa nje ya shimo, mchanga umekujaa nyusi.

"Ni kama kuchunga," ulisema. "Siku nyingi hakuna kitu kinatokea. Hizo ndizo siku nzuri."

Nilicheka. Sikukuelewa kabisa.

Halafu ikaja ile aibu ya farasi, ambayo ukinikumbusha mbele ya watu nitakukana. Apaloreng na rafiki yake mwenye farasi wa kijivu walivuka mto wakati wa vita. Nikakusomea kwamba mpanda farasi mwekundu alipigwa mkuki akaanguka majini. Uliendelea kuchota maji, ila bila neno, na jioni ulikataa chai. Siku iliyofuata hukutaka kitabu kifunguliwe. Mama akaniuliza ni nani amekukosea, nikashindwa kumweleza kwamba una msiba wa mtu ambaye hakuzaliwa. Ulipokubali tuendelee, sura mbili mbele, Apaloreng akafunua mlango wa hema akaingia akidai supu. Nikarudi nyuma kutafuta. Kumbe katikati ya ukurasa mzima wa matandiko, hatamu na ngozi zake, ule ambao macho yangu yalikuwa yameteleza juu yake kwa uchovu, kulikuwa na sentensi moja ndogo: wawili hao walibadilishana farasi kabla ya kuvuka. Mwenyewe alikuwa mzima. Tulimzika kwa rangi ya mnyama.

Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye matope. Ukaniambia nimekuliza bure, na tangu siku hiyo mimi sikuruka tena hata mstari. Nilianza kuzipenda zile kurasa kwa siri. Shuleni, taa zikikaribia kuzimwa, nilikuwa najiwekea kipande kirefu cha kuchosha, maelezo ya msitu au orodha ya wafalme, na nikawa nahisi kama nimekaa kwenye kivuli na mbuzi wote nawaona.

Kisha mvua ikakataa. Ukaenda na ng'ombe kule juu karibu na mpaka, wewe na vijana wa maboma mengine, kwa sababu huko ndiko majani yalikobaki. Mara ya mwisho kunipigia ulikuwa umepanda kilima kutafuta mtandao, upepo unavuma kwenye simu. Hukuniuliza habari za shule. Uliuliza wamefika wapi.

Nikakwambia wako kwenye karamu.

"Bado wanakula?" Ulicheka. "Wazuie hapo hapo. Wasiinuke mezani mpaka nirudi."

Nikaahidi. Simu ikakatika kabla sijakuaga.

Sasa nimefika, siwezi kuzunguka tena. Juzi mtu wa bodaboda kutoka Lopur alisimama kwenye duka la yule Msomali ambako Mama hununua sukari. Alisema kumetokea uvamizi malishoni, wezi wa mifugo walikuja alfajiri. Akasema pia kwamba Apaloreng amelala. Mama alijua, na kila aliyekuwa pale alijua, kulala huko si kwa usingizi. Mama akamuuliza, Apaloreng wa nani? Yule kijana akasema hajui, yeye ameletewa jina hilo tu. Simu yako haipatikani. Mjomba aliondoka adhuhuri ileile kwenda kutafuta ukweli, na mpaka sasa hajarudi.

Mama amekataza machozi nyumbani. Anasema Apaloreng wako wengi, kila mwenye dume jekundu ni Apaloreng, na mtu aliye hai halililiwi. Jana jirani yetu alikuja na kanga kichwani na uso wa matanga. Mama hakumkaribisha. "Rudi na huo uso," alimwambia. "Ukihitajika nitamtuma mtoto auchukue." Nilitaka kucheka, kaka, kisha nikaona Mama anamimina chai kwenye kikombe kilichojaa tayari.

Kwa hiyo nazuia watu mezani, kama ulivyosema. Kila wanapokaribia kuinuka narudi mwanzo wa sura, kwenye samaki wa kwanza. Kuna wakati nimeshika kurasa za mwisho kwa vidole. Kuna jambo linamsubiri Apaloreng wa kitabuni huko mbele, najua, kwa sababu kitabu bado ni kinene na watu wameshiba. Sijathubutu kuangalia. Ninajua kitabu kiliandikwa na mtu ambaye hata hajui Kakuma yetu ipo, na wino wake hauwezi kukugusa. Najua hivyo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Bado sifunui.

Na kuna kingine. Nilisema ile ya sura ndiyo siri, lakini hiyo ilikuwa ya kukuzoesha tu.

Jana nilipiga magoti hapa kando ya kitanda. Nilianza vizuri, na ile sala ya kanisani. Halafu nikakumbuka wale farasi wawili, nikamwambia Mungu: fanya iwe vilevile. Fanya aliyeanguka awe mwingine. Sikuishia hapo. Nikasema, mchukue yule mwingine, yeyote, mradi si Ekai. Niliomba kwa sauti, mimi ambaye sauti hainitoki. Nilipoinuka ndipo nikaona nilichokiomba. Kwenye kitabu yule wa farasi wa kijivu alikuwa rafiki tu, tulisema pole tukaendelea na supu. Huku kila Apaloreng ana boma, na kwenye boma kuna mtu amekaa kivulini anatazama barabara kama Mama. Labda kuna msichana naye amepiga magoti anaomba awe wewe.

Sijaifuta sala ile. Nimejaribu, kaka. Nikifungua mdomo kusema Mungu nimekosea, naogopa atanisikia.

Nimeandika mpaka jua limeingia kwenye mlango wa nyuma. Mbwa wa jirani wanabweka. Kuna pikipiki imezimwa nje.

Ni Mjomba. Namsikia anasalimu, ejok, na Mama anaitikia, ejoka, mara moja tu. Hamkaribishi kiti. Bati hizi hazizuii sauti, nasikia kila kitu, kalamu nimeishika kwa sababu nisipoishika sijui mikono nitaipeleka wapi.

Amesema si wewe.

Amesema amekuona kwa macho yake. Umekonda, una jeraha dogo la mwiba wa mti wa mathenge mguuni, na dume lako lipo. Mnarudi polepole na ng'ombe waliobaki. Ekai. Uko hai.

Mama hajapiga kigelegele. Nilikuwa nakisubiri. Sasa anauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Wa nani, basi?"

Mjomba amejibu. Ni kijana wa yule mama anayeuza makaa karibu na daraja. Namjua. Huwa anatuongezea kidogo tukienda kununua, na binti yake nilikaa naye dawati moja shule ya msingi, alikuwa ananiazima kifutio. Mama sasa analia. Analia kile kilio alichokikataza, kwa nguvu, anamwita yule mama kwa jina. Anasema tutakwenda huko sasa hivi, sote, mtoto naye avae viatu.

Anakuja huku. Anakuja kuniambia habari njema, namsikia anavyovuta kamasi ili aniingilie na uso mzuri, na atataka kunikumbatia. Nakunja karatasi, naiingiza ndani ya nguo. Asisome hapo juu nilipoomba.

Ni mimi, mdogo wako