Mijohoro kwa Mpangilio wa Alfabeti

Jumamosi, 3 Januari 1987
Tumepanda miti arobaini na sita, yote mijohoro, kutoka bombani hadi kwa Shaaban fundi cherehani. Mtaa mzima! Nimechekwa kwa kuja na viatu vya ofisini. Bi Mwahija, kiongozi wetu wa kujitolea, kasema kwa nilivyoshika jembe, heri nirudishiwe kalamu. Basi niandike orodha: kila nyumba na mti wake wa kumwagilia. Bwana Mtendaji wa kata ataisaini. Nisikosee. Mwezi wa tatu ndipo nathibitishwa ukarani au naachishwa, na barua anaandika yeye.

Jumatatu, 5 Januari
Orodha imesainiwa, imepigwa mhuri, imebandikwa mlangoni pa ofisi. Hakuna kosa hata moja la chapa.

Jumanne, 6 Januari
Mungu wangu. Miti niliipa namba kuanzia bombani. Majina nikayapanga kwa alfabeti, kama tulivyofundishwa chuoni. Mti namba moja ni wa Anatoli – na Anatoli anakaa karibu na mwisho wa mtaa. Wa Shaaban uko mlangoni kwa Mama Klara. Wa Mama Klara, asiyekosa misa, uko mbele ya msikiti. Karibu kila mtu kapewa mti wa mlangoni kwa mwenzake.
Kurekebisha kunataka saini mpya. Kuomba saini ni kukiri. Sijala.

Jumatano, 7 Januari
Shaaban kaja ofisini na ndoo mkononi. Eti serikali imempangia kwenda kwa Mama Klara kila jioni, na mkewe anataka kuuona huo mhuri kwa macho yake. Nikamwonyesha. Akaondoka anacheka. Mimi nikajificha nyuma ya mafaili mpaka saa ya chai.

Jumapili, 18 Januari
Siku kumi na moja bila mvua. Jioni nimepita nikiogopa kuona vijiti vikavu. Nimekuta mtaa wote barabarani na ndoo, wanapishana, wanachokozana.
Mama Klara alikuwa mlangoni kwake, mikono kiunoni.
“Fundi, nusu ndoo? Na vitambaa vya wateja unavipunja hivyohivyo?”
“Shemeji, mti ni wangu. Wewe nakuhesabu mlinzi tu.”
“Basi mlinzi hajalipwa chai.”
Mzee Maganga wa bombani na Anatoli, waliokuwa hawasalimiani tangu ugomvi wa uzio wa shamba, wamekaa benchi moja wakisubiri maji yanywee. Mbuzi akisogea, mwenye nyumba anamfukuza, maana mti ukifa kwake atasemwa. Kila mti una wa kuunywesha na wa kuuchunga. Nimecheka peke yangu njiani. Nimekula vizuri.

Alhamisi, 29 Januari
Jumamosi anakuja Bwana Miti wa wilaya kukagua. Leo Bwana Mtendaji kaisoma orodha – kwa mara ya kwanza. Kaniita.
“Theopista, hii kaipanga nani?”
“Mimi, mzee.”
Kasema niandike nyingine, kila mtu na mti wa mlangoni kwake, mgeni asione aibu hii. Barua yangu ya kuthibitishwa iko mezani kwake. Haina saini. Nimechapa haraka.

Ijumaa, 30 Januari
Orodha mpya haikumaliza asubuhi mlangoni. Nimeiona imekunjwa kwenye pindo la kanga ya Bi Mwahija.
“Shikamoo, Bi Mwahija. Hiyo ni ya ofisi.”
“Marahaba, mwanangu. Mti nilioulea mwezi mzima nimpe mtu mwingine? Waambie ofisi yako wapande mingine.”
Nimemweleza yote: ilikuwa makosa yangu. Kasema kila mtu alijua tangu siku ya kwanza, ila waliona raha.

Jumamosi, 31 Januari
Niko kwenye benchi la Shaaban, daftari gotini, kana kwamba nachukua kumbukumbu za mkutano. Miti yote arobaini na sita iko hai. Bwana Miti kahesabu mara mbili. Kila mtu anamvuta kumwonyesha mti wake, mbali na nyumba yake. Kauliza nani alibuni mpango huu, aupeleke kata nyingine.
Bwana Mtendaji kajibu upesi: ni mpango wa ofisi yake.
“Mlitumia utaratibu gani kugawa?”
Bwana Mtendaji anageuka, ananitazama. Mama Klara kaziba mdomo kwa mkono, mabega yanamtikisika.
“Theopista,” anasema Bwana Mtendaji, “mweleze mgeni.”
Nasimama. Sina jibu lingine ila alfabeti.