Wageni Walioosha Vyombo

Homa Bay, Alhamisi

Na bado nacheka peke yangu. Martin wa Uingereza, mikono ya shati imekunjwa, akisugua sufuria ya ugali!

Yeye na mwenzake wa shirika la misaada walifika saa tano badala ya saa tatu. Kwenye kikundi chetu cha akina mama wanaokausha omena, dagaa wa ziwani, anayechelewa huosha vyombo baada ya chakula. Mimi, katibu, nilimnong'oneza mwenyekiti, Mama Akinyi, tuwasamehe, maana mkataba wa kutupa vichanja vya kuanikia dagaa ulikuwa haujasainiwa.

"Nyamera, wewe ukichelewa huwa tunakusamehe?"

Basi nikawaambia wageni sheria yetu. Niliogopa wataondoka na vichanja vyao. Lakini Martin aliuliza tu, kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, maji yako wapi.

Baadaye akatusomea mkataba. Watakuwa wakija kutukagua mara mbili kwa mwaka. Mama Akinyi akainua mkono.

"Na sisi tunakuja kuwakagua lini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Martin akamtazama mwenzake.

"Hatujawahi kuulizwa hivyo."

"Basi leo mmeulizwa."

Martin akachukua kalamu, akaongeza pale pale: wanachama wawili, kila mwaka, nauli juu ya shirika lao. Ndipo tukasaini.

Wamenichagua niende na Mama Akinyi. Sina pasipoti, sina koti la baridi, na ndege naiogopa kuliko kiboko. Lakini nikifika kwao nimechelewa, sitangoja kuambiwa. Nitauliza maji yako wapi.