Utepe Wenye Uzi Mweusi

Baba Lusekelo,

Shikamoo. Najua hutaitika, na hata ulipokuwa hai marahaba yako ilichelewa, maana hukuwa unamjibu mtu mpaka umalize mstari. Nakuandikia kwa mkono, nyuma ya karatasi ya teleksi iliyokwisha kutumika, kwa sababu dizeli ya jenereta imekatika tangu asubuhi na mashine yetu imenyamaza. Ungekuwepo ungesema kumwandikia mtu aliyezikwa ni kuharibu karatasi. Sawa. Ila nina neno ambalo lazima ulisikie kutoka kwangu.

Tangu tukuzike kwenu Isongole ni miezi mitatu. Hapa Tunduma malori bado yanapanga foleni kungoja kuvuka kwenda Nakonde, sabuni bado ni ya kupanga mstari, na madereva wa Zambia wanaingia na salamu yao ya "mwapoleni mukwai" wakikitazama kwanza kiti chako, kisha mimi. Kiti sijakikalia. Natumia stuli ile ile uliyonipa siku ya kwanza, inayochezacheza, ukasema opereta akistarehe atalala.

Kilichobadilika ni kopo. Lile kopo lako la maziwa ya unga sasa liko mbele yangu. Ndugu Meneja alilitoa kwenye kabati lako la kufuli, akaniambia niandike daftari: kila utepe uliomo una maneno gani, na uzi wake una maana gani, ili ofisi isihangaike tena mtu akifa. Alisema hivyo hivyo. Unamjua alivyo.

Unakumbuka nilipotoka kwetu Itaka, siku yangu ya kwanza, nilitaka kuzifagia tepe zako? Niliona vipande vyembamba vya karatasi vilivyojaa matundu, vimeviringwa na kufungwa nyuzi, nikachukua ufagio. Ulinishika mkono. Kumbe kila kipande kilikuwa maneno uliyoyatoboa mara moja ukayaweka: anwani ya makao makuu, "lori limevuka salama", "tunasubiri kibali cha forodha". Badala ya kuchapa yale yale kila siku, ulipachika kipande kwenye mashine, ukabonyeza, nayo ikayasema yenyewe mpaka Dar es Salaam. Karatasi ilikuwa adimu, basi kipande kilitumika mpaka kikalegea kama kitambaa.

Lakini nyuzi zako, nyekundu, kijani, nyeupe yenye fundo, maana yake ulikuwa nayo peke yako. Nilikuuliza, ukajibu, "Kila opereta na kopo lake, Rhoda." Miaka minne, jibu ni hilo hilo. Nilikuona mchoyo, nasema ukweli. Nilidhani unaogopa nitakupokonya kazi.

Kusoma ulinifundisha, hilo sikunyimi. "Soma kwanza kwa kidole, ndipo uiamuru mashine." E ni tundu moja ukingoni, T ni tundu moja ukingo wa pili, na herufi iliyokosewa haifutwi, hutobolewa matundu yote matano juu yake ili mashine ipite kama haikuona kitu. Nilijifunza upesi. Tatizo langu halikuwa kujua, lilikuwa haraka.

Lile lori la mbolea lilivunjika ekseli pale Mlowo, nami nikapachika utepe wa jana bila kuusoma. Makao makuu wakaambiwa limekwisha kuvuka mpaka. Nilipogundua, nilikuletea utepe mezani kwako. Ulinitazama juu ya miwani yako, ukasema kosa moja haliachi mke, nenda kanywe chai. Niliporudi ulikuwa unaviringa kautepe kidoleni, ukakatumbukiza ndani ya kopo, ukafunga kifuniko. Sikuuliza. Na halikuwa kosa moja, wote wawili tunajua. Kila mara ilikuwa ni nenda kanywe chai, nami nilikwenda, nikarudi, nikakuta mambo yametulia. Nilidhani yanaishia hapo hapo mezani.

Ndipo yakaja maneno kwamba macho yako hayaoni vizuri. Zikaja barua za onyo kutoka makao makuu, kwa jina lako, nami nikaamini ni kwa makosa yako mwenyewe nisiyoyajua. Nafasi ya Mbeya uliyoingojea akapewa mwingine. Uliisoma barua ile, ukaikunja, ukaniuliza kama lori la saruji limefika. Na mimi, Baba Lusekelo, nilimwambia mtunza ghala kwa mdomo wangu huu kwamba mzee macho yamekwisha. Tulicheka. Naandika hili na uso unaniwaka.

Siku ya mazishi Ndugu Meneja alisimama akasema ulitumika kwa moyo, ingawa mwishoni macho yalikuangusha. Hakuwa na nia mbaya. Watu wakaitika kwa vichwa. Baadaye nilikuwa jikoni na wanawake, namenya viazi, Mama Lusekelo akasema polepole, bila kumtazama mtu, "Macho gani? Mpaka wiki ile alikuwa ananitungia uzi kwenye sindano." Mimi nilikuwa karibu yake kuliko wote, nikaendelea kumenya.

Wiki iliyopita nikaanza lile daftari. Nilisoma tepe zako moja moja, kwa kidole, kama ulivyotaka siku zote. Nyekundu ni anwani. Kijani ni malori yaliyovuka. Nyeupe yenye fundo ni forodha, na mafundo yakiwa mawili ni forodha wanapokuwa wakaidi, hapo nilicheka peke yangu. Chini kabisa palikuwa na mmoja wenye uzi mweusi. Ulikuwa umechakaa kuliko zote, umegandishwa gundi mahali patatu, kingo zake zimelainika. Nikajua huu ndio uliofanya kazi sana, pengine ni salamu. Nikapitisha kidole.

SAMAHANI. FUTA UJUMBE ULIOTANGULIA. KOSA NI LA OPERETA, na mwisho herufi mbili za jina lako. Zako, si zangu.

Nilikaa. Nikarudia kusoma, maana nilitaka kuwa nimekosea. Nikaanza kuhesabu chai nilizokunywa.

Nilikukasirikia, usidhani nililia tu. Nani alikutuma? Ungeniacha nipate onyo langu moja, labda haraka ingenitoka mapema. Sasa naona kwa nini hukunionyesha maana ya nyuzi. Ungenifundisha zote, ningeufikia na mweusi. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hukuficha maradhi, ila kifo kimekuumbua vile vile.

Juzi niliingia kwa Ndugu Meneja na utepe mkononi. Nilimsomea. Nikamtajia lori la mbolea, na lile la vitenge, na mengine yote ninayokumbuka, nikasema zile barua za onyo ni zangu. Akaniuliza kama najua wanaweza kunirudisha Itaka kulima kahawa. Nikasema najua. Akasema, "Basi waambie mwenyewe. Kwa herufi zako."

Jana nilitoboa utepe mpya. Nimewaambia makao makuu kwamba makosa yaliyoandikwa kwenye faili lako ni yangu, na kwamba macho yako yalikuwa mazima mpaka siku uliyolala. Nikautuma. Jibu halijaja. Dizeli ikipatikana mchana huu, huenda ndilo litakalokuwa la kwanza kuingia. Naogopa, sitakuficha. Baba yangu ameshamweleza kila mtu Itaka kwamba binti yake anaongea na Dar es Salaam kwa mashine.

Katika daftari, mbele ya uzi mweusi, nimeandika: hautumiki tena. Utepe wenyewe sijauchana. Nimeurudisha chini ya kopo.

Kuna watu waliosikia hotuba ile kaburini, na hao hawasomi teleksi. Kwa hiyo nakuahidi: Jumamosi nitaomba lifti kwenye lori la Isongole, wanirudishe au wasinirudishe. Nitamwambia Mama Lusekelo mbele ya majirani zake, wale wale walioitika kwa vichwa, kwamba aliyekuwa haoni ni mimi niliyekaa kwenye stuli. Akinifukuza, ana haki. Akinipa sindano, nitamtungia uzi.

Pumzika, Baba Lusekelo. Chai sijanywa leo. Na ule utepe wa jana niliusoma kwanza, kwa kidole, mara mbili, ndipo nikaiamuru mashine.

Wako,
Rhoda