Kitabu Tulichokikata kwa Kisu

Jumatatu, 6 Machi 1995

Basi nilikuwa nasema, mwana wa mfalme bado anapanda mlima. Jana wino uliisha nikaachia hapo. Leo nimenunua kalamu, na yeye bado anapanda. Sura ya tisa hii. Meru naiona kila asubuhi nikianika mitumba yangu Kwa Mrombo. Wazungu wanapanda, wanashuka, wiki haijaisha. Huyu ana farasi wa mabawa na hafiki.

Lakini kitabu katunga Mwalimu, mpangaji wetu wa chumba cha uani. Nitakimaliza hata kikiwa kibaya. Siku hizi mtu akiwa na hela anajichapishia tu. Kanipa kimoja bure. Mama Rehema, wa meza ya jirani sokoni, hakuweza kunisubiri, maana mimi nasoma kwa kidole. Tukakikata katikati kwa kisu cha nyama. Nusu niliyomaliza anayo yeye. Ya pili ninayo.

Jumatano, 8 Machi

Wamefika. Kuna jini ana pua tatu, na kila akimtisha mtu anaomba radhi. Jini gani huyo. Nimecheka mpaka mteja kaondoka.

Mama Rehema ananisukuma. Eti nisome upesi, kwenye nusu yake watu bado wanafunga mizigo. Nikamwambia vumilia, hata kupanda hawajaanza. Akasema afadhali angenunua gazeti.

Ijumaa, 10 Machi

Sina hamu ya kula.

Katokea malkia. Mume wake kashuka chini ya ardhi kuchimba mawe yanayong'aa, kapata mke mwingine huko, harudi. Malkia hataki watu wajue. Anaenda mji wa mbali, ananunua kitambaa, anakifunga mafundo matatu, anampa ndege amletee. Kikifika anakipokea mbele ya watu. Anasema, mume wangu kanikumbuka.

Nimerudia mara mbili nikidhani kidole kimeruka mstari.

Huyo ni Mama Rehema. Mume yuko machimboni Mererani na mwanamke mwingine. Yeye anaenda Kikatiti, ananunua kitenge, anakifunga mafundo matatu, anampa kondakta wa basi, anarudi kukipokea stendi sisi tukishangilia. Aliniambia mimi peke yangu, analia. Na mimi nikamwambia Mwalimu. Nakaanga maandazi, yeye kakaa kwenye kigoda anasikiliza vizuri, mdomo ukaenda.

Na kitabu kizima, pale tu ndipo mwendo umekaa sawa. Hakimbii, hakokoti. Kwa sababu ni maneno yangu, kayaandika nilivyoyasema.

Jumamosi, 11 Machi

Nimemaliza. Malkia kagundulika, ikulu nzima ikamcheka, akawa jiwe. Nusu ukurasa. Mlima sura sita, malkia nusu ukurasa. Halafu harusi, basi.

Nikamfuata Mwalimu uani. Anapiga pasi. Anasema, "Mama Juma, ni hadithi tu, nani atajua?" Nikamuuliza mafundo matatu kayatoa wapi. Akasema kwako, huku anatabasamu. Alidhani nitafurahi.

Nikamwambia, nilikupa maandazi, Mwalimu. Sikukupa Mama Rehema.

Kanisaliti. Nimeshinda nalisema hilo neno jikoni. Lakini kila nikilisema linanirudia, maana mlango nilifungua mimi.

Jumapili, 12 Machi

Nimewaza kuchana zile kurasa nimwambie Mama Rehema zimeliwa na panya. Lakini kitabu kimeshawekwa dukani pale stendi. Atakisoma tu. Au atasomewa na mtu anayecheka.

Jumatatu, 13 Machi

Nimempelekea kipande cha pili kwake asubuhi. Nikasema kabla hajafungua, mle ndani umo, na mdomo uliokutia ni wangu. Akakipokea kwa mikono miwili. Hakunikaribisha ndani. Sokoni meza yake imekaa tupu mpaka jioni.

Jumanne, 14 Machi

Mvua ndogo. Sijaenda sokoni. Mwalimu kapita na ndoo, kanisalimia, nimeangalia sufuria.

Sijamsimulia mtu yeyote kitu chochote leo. Hata habari ya mvua.

Nafikiria vile nilivyokuwa nazicheka zile sehemu za mlima. Afadhali wangeendelea kupanda.

Kuna mtu getini. Ni Mama Rehema. Miaka yote ananiita shoga yangu, leo kaita Mama Juma. Sauti iko chini, sijui ya kugombana au ya nini. Kaita tena, naenda kumfungulia.