Glavu ya Msumarini

Tarehe 3 Machi

Kwako mdogo wangu Sufuria,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kama ungekuwa na adabu ya kuandika wa kwanza. Mama mzima, anakusalimu. Mimi mzima kuanzia gotini kwenda juu. Kutoka hapo kushuka ni plasta mpaka vidoleni, na daktari kasema wiki saba. Wiki saba nakaa kwenye kochi la mama nikihudumiwa kama mzazi aliyejifungua juzi.

Nimesikia kocha wa besiboli hapo kiwandani amekuweka kwenye nafasi yangu. Nilicheka mpaka mama akaja kuangalia nimepatwa na nini. Wewe, nyuma katikati, peke yako na uwanja wote ule. Unakumbuka jina lako lilianzaje? Ulikuwa na miaka tisa, nikakurushia mpira, ukagonga viganja vyako ukadunda kama umepiga sufuria. Leo kiwanda kizima cha tofali kinakuita hivyo, na mwalimu wao ni mimi.

Usivimbe kichwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kocha ameniandikia akiniuliza kama wewe ni mtu wa kuaminika kuanza kila mechi, au akushikize tu huku akitafuta mwingine. Ameniuliza mimi kwa sababu nimesimama pale miaka saba, na kwa sababu nakujua tangu unakojoa kitandani. Nimemjibu vizuri. Wewe usiwe na wasiwasi.

Lala chumbani kwangu hapo kiwandani, dirisha ulifungue asubuhi hewa iingie. Viatu vaa kama vinakuingia. Glavu ya kudakia iliyoko msumarini usiiguse. Najua nilivyoitundika.

Ni mimi kaka yako,
Gundi

Tarehe 12 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini mguu unaendelea vizuri. Dereva wa lori la kiwanda aliniambia unawashwa ndani ya plasta na umechukua sindano ya mama ya kufumia kujikunia. Acha hiyo, utajichoma. Mimi mzima kabisa.

Tumecheza mechi mbili. Nimedaka mitano, mmoja umenitoka. Glavu yangu imechanika katikati ya vidole, nimeishona kwa uzi wa magunia, inanisogeza siku. Yako ipo msumarini, hata vumbi lake sijalipangusa.

Kama ujuavyo, anayeanza mechi hafanyi kazi ya tofali. Wamenitoa tanurini, niko ghalani kivulini nahesabu vigae. Miaka mitatu nimekuwa nikitema makohozi mekundu ya vumbi la tofali, kaka. Jumatatu nilitema mate meupe, nikasimama kuyatazama kama mjinga. Naitaka nafasi hii kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Nakuambia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Ukirudi katikati ni kwako, sibishi, lakini huko nyuma tunasimama watatu. Labda kocha ataniweka pembeni, tuwe wawili, mimi na wewe.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunacheza na timu ya reli. Yule mpigaji wao, Shoto, nisimame wapi akishika gongo?

Mwambie mama nakula vizuri.

Mdogo wako

Tarehe 19 Machi

Kwako Sufuria,

Marahaba. Mama mzima ila magoti. Mimi namaliza siku nikihesabu mbao za dari, ziko arobaini na moja.

Umeuliza la maana, kwa mara ya kwanza maishani mwako. Shoto ana mwili na makelele, basi. Mpira wake unapaa, mtu anadhani unakwenda kutua kwa jirani, kumbe unamshukia mpigaji puani. Wajinga wote hukimbilia nyuma. Wewe usirudi. Sogea mbele mpaka uone rangi ya mkanda wake, halafu tulia. Aliye juu mngoje chini.

Hayo ya kusimama wawili tutayaona nikirudi.

Uzi wa magunia, jamani. Utatutia aibu.

Kaka yako,
Gundi

Tarehe 2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mimi mzima wa mwili.

Habari utakuwa umezipata. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi mbili, wao wana watu watatu njiani, Shoto akaingia na gongo. Nikasogea mbele. Mkanda wake ni wa kahawia, una tundu la kutoboa kwa msumari. Mwenzangu wa kulia akanipigia kelele nirudi, nikamwonyesha mkono anyamaze. Mpira ulipita juu yangu, juu sana, nikageuka nikaufuata kama mtu anayekimbiza kofia yake. Ukapiga ukuta. Wakaingia wote wanne, kila mmoja na pointi yake, tukashindwa.

Mechi iliyofuata wenzetu wa tanurini walikuja na sufuria za nyumbani. Za kweli, kaka, nyingine zina masizi. Kila mpira ukija upande wangu wanazigonga. Hata waliokula na mimi bakuli moja walikuwa wanagonga.

Sasa nina swali moja. Miaka saba nimekaa jukwaani nikikutazama. Kila Shoto akiingia, wewe ulisimama visigino vikigusa ukuta. Hujawahi kusogea mbele hata siku moja. Nilipoisoma barua yako nililikumbuka hilo. Pale uwanjani pia nililikumbuka. Nikajiambia, kaka anajua zaidi, lazima yule mtu amebadilika.

Je, ulisahau?

Mdogo wako

Tarehe 10 Aprili

Kwako Sufuria,

Marahaba. Sisi wazima. Mama analia kwa ajili ya hizo sufuria, nami nimemwambia asilie, kelele haziui.

Ndiyo, nilisahau. Dawa za maumivu zinachanganya kichwa. Na hata kama sikusahau, mchezaji gani anasogea mbele macho yake yanamwambia rudi? Mimi ningemtukana yeyote ambaye angeniambia nisimame pale. Kama moyo wako unaendeshwa kwa barua, basi uwanja ule si wako, na ni heri umelijua mapema kabla hawajaanza kurusha mawe.

Nikwambie ukweli, maana hakuna mwingine atakayekwambia. Mimi nje ya ile nafasi si kitu. Sikusoma, sina mke, nina mguu na jina. Nilipoambiwa umeingia wewe, sikulala. Angekuwa mtu baki ningelala.

Plasta inatoka tarehe ishirini na moja. Mwanzoni mwa Mei niko hapo. Fagia chumba, anika godoro, urudi kwenye bweni lenu. Kukaa benchi si aibu, benchi lina kivuli.

Kaka yako,
Gundi

Tarehe 27 Aprili

Kwako mdogo wangu,

Habari za siku nyingi. Wiki mbili na zaidi sijaona herufi yako. Kama ni hasira, sema. Kama ni ugonjwa, mama anataka kujua unaumwa nini.

Plasta imetoka. Mguu ulikuwa mwembamba kama mpini wa fagio, lakini unarudi. Dereva wa lori ananiambia bado unaanza mechi. Ananiambia sufuria zimenyamaza. Sikumwelewa, nikamwambia arudie, akarudia.

Kocha nimemwandikia mara mbili kwamba nimepona, hajibu. Wewe unamwona kila siku. Mkumbushe. Mwambie Gundi anauliza siku ya kuripoti. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba.

Damu nzito kuliko maji, mdogo wangu.

Kaka yako

Tarehe 6 Mei

Kwako kaka,

Leo sikuamkii. Mimi mzima, natumaini mama mzima.

Baada ya ile mechi ya sufuria, kocha aliniita ofisini. Alikuwa ameamua kunirudisha tanurini. Akafungua droo, akanipa barua nisome, akasema nisimame nikiisoma. Niliujua mwandiko kabla sijaona jina. Uliandika hivi: “Usimwamini. Viungo anavyo, moyo hana. Siku ya kumhitaji atakuangusha mbele ya watu. Nampenda, ni ndugu yangu wa tumbo moja, ndiyo maana nasema. Ukimpa ile nafasi kwa huruma utaizika timu.”

Nikaisoma mara mbili, nikamrudishia. Nikamwonyesha na ile uliyoniandikia mimi, ya mkanda wa Shoto. Kocha akasema, “Mtu hajisumbui hivi kwa asiyemtisha. Kesho njoo mazoezini.” Kikulacho ki nguoni mwako, kaka, na nguo hizo nilikuwa nazifua mimi kila Jumapili.

Tumecheza na reli tena. Shoto aliingia, visigino vyangu vikagusa ukuta. Nilidaka. Nilitamani ungekuwepo, na ninachukia kwamba nilitamani.

Sasa sikiliza kwa nini hujibiwi. Daktari wa kiwanda anasema bila kukuona hawezi kujua kama mguu unageuka vizuri, na kukuleta kwa majaribio ni mlolongo. Kocha akaniuliza mimi. Akasema, “Wewe ndiye unayemjua. Tumwamini?”

Mama alinitumia salamu kwa dereva, akasema kila asubuhi unapanda na kushuka ngazi za jengo mara ishirini bila kushika ukuta. Kwa hiyo nilijua jibu. Nilijua vizuri kabisa.

Nikamwomba kocha ile barua yako, nikaketi nayo, nikainakili. Usimwamini. Viungo anavyo, moyo hana. Mpaka mwisho, hata pale pa ndugu wa tumbo moja. Sikubadilisha neno. Nikatia sahihi yangu, akaiweka kwenye droo ileile juu ya yako.

Kazi yako ipo, hawakukufukuza. Tanuri namba mbili, zamu ya asubuhi, ukimwona nyapara mwambie nimekutuma mimi. Funga kitambaa puani na ukiloweshe kwanza. Miaka mitatu nilikuwa pale nawe uko ghalani, na hukunifundisha hata hilo.

Vitu vyako dereva atavishusha Jumatano: shuka mbili, redio, viatu, picha yako na kombe. Glavu sijaifunga humo. Nimeitoa msumarini. Ilinienea siku ya kwanza.

Msalimie mama. Mwambie nakula vizuri.

Mdogo wako,
Sufuria