Turubai la Babu Yako

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Kawe hatujambo, shangazi yako kajifungua wa kike.

Umeuliza kama kuna faida kumkandamiza kifua mgonjwa wa figo moyo wake ukisimama, maana chuoni wanawaambia wengi hawarudi. Ni kweli, hawarudi. Ila babu yako moyo ulimsimama akiwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Wauguzi wakiwa bado wanamkandamiza, baba yako mdogo kashapiga simu nyumbani, majirani wakafunga turubai la msiba. Babu akazinduka.

Siku aliporuhusiwa wakalifunga tena lile lile, wakampikia pilau. Akauliza, "Kafa nani?" Kisha akanung'unika kuwa pilau haina chumvi.

Mbavu zilizovunjika alipokandamizwa bado zinamuuma akicheka. Na kucheka haachi.

Bibi yako