Nilisema Mzee Polikarpo Aliacha Kusali

Mtoni, Temeke. Jumatano, tarehe 7 Mei. Asubuhi manyunyu, jua halijatoka.

Mama Adelina, shikamoo. Huwa nakusikiliza redioni nikiwa kwenye cherehani, ukiwajibu wengine, na leo ni mimi ninayekuomba unishike mkono, maana hili jambo limenilemea na hapa nyumbani sina wa kumwambia. Naomba barua hii usiisome hewani, nijibu mimi tu.

Mimi ni fundi nguo, na ni katibu wa jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki. Kama unavyojua, mtu akifariki katekista huwauliza viongozi wa jumuiya kama marehemu alikuwa anasali nasi, na jibu letu ndilo analompelekea padri kabla ya kupanga Misa ya maziko. Wiki iliyopita nilikuwa namalizia sare za shule, mwenye mzigo amesimama mlangoni ananihimiza, simu ikaita, alikuwa katekista Gervas.

"Katibu, Mzee Polikarpo amefariki, wanamleta kwake hapo Mtoni wamzike kesho. Mwenyekiti wenu hapatikani. Mzee alikuwa anasali?"

"Huyo alishaacha kusali, katekista. Mwaka mzima hatujamwona."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Samahani, nina mteja."

Nikakata simu nikaendelea kupiga pasi. Mama, sikuwa na ugomvi wowote na yule mzee, nilitaka tu simu iishe, na mimi ndiye yule ambaye sikati kitambaa cha mtu bila kurudia vipimo, lakini habari za imani ya mtu nilizitoa kama mtu anayetaja bei ya vifungo.

Kesho yake padri hakuja, maana aliyeacha kusali hapangiwi Misa, jirani mmoja akaongoza sala. Tukiwa makaburini likafika basi dogo kutoka Chanika, wakashuka kina mama na kina baba wenye rozari mikononi, na hapo ndipo nikajua kwamba mzee alipoanza kuumwa alihamia kwa binti yake, Jenipher, na huko Chanika alikuwa anasali kwenye jumuiya ya jirani, na ndiye aliyekuwa akiwasomea masomo kila Jumamosi mpaka sauti ilipokwisha. Jenipher alijaribu kumweleza Gervas, lakini jibu langu lilikuwa limeshafika kwa padri. Mama mmoja wa Chanika akauliza, "Padri wenu yuko wapi?" Jirani aliyeongoza sala akamwambia haji. Akasema, "Kwa hiyo mnamzika baba yetu hivihivi?" Basi wakaanza wenyewe kuimba, wakamwombea mpaka udongo ukajaa. Gervas alinitazama mara moja tu, akageuza uso. Mpaka leo hajamwambia mtu kwamba jibu lilitoka kwangu.

Tulipokwenda kuwapa pole, mjane wa mzee, Bibi Flaviana, alinishika mkono akasema, "Wewe mwanangu angalau ulikuja. Yule Gervas alimnyima mume wangu padri, na mimi simsamehe." Kina mama waliokuwa jikoni wakawa wanamsema, mmoja akatania, "Siku akifa yeye tutapiga simu mbinguni kuuliza kama alikuwa anasali." Wakacheka. Mama, na mimi nikacheka.

Tangu hapo sijapokea komunyo. Jumamosi hii jumuiya inasali kwa Bibi Flaviana, na ameomba niongoze mimi. Nimeamua nisimame mbele ya wote niseme kila kitu, niache ukatibu palepale, kisha nihamie kwa dada yangu Kimbiji. Lakini naogopa. Je, neno langu limemzuia mzee huko alikokwenda? Na nikitubu Jumamosi mbele yao, nitakuwa nimemaliza?

Jana nilipata usingizi saa tisa usiku.

Katibu, Mtoni

MAMA ADELINA ANAJIBU

Marahaba, Katibu. Pole, na pole hiyo ipokee vizuri, kwa sababu yanayofuata si matamu.

Nianze na mzee, maana hofu yako hapo inakupa cheo usichonacho. Mungu hasubiri simu ya katibu wa jumuiya ili amjue mtu aliyekuwa akimwomba. Mzee Polikarpo yuko mikononi mwa anayemfahamu. Uliowaumiza ni waliobaki, na roho iliyo hatarini katika habari hii ni ya kwako.

Hukuulizwa kama mmemwona. Uliulizwa kama anasali. Ulichokijua ni kwamba kiti chake kilikuwa kitupu Mtoni, wewe ukajibu kuhusu moyo wake. Hiyo ndiyo hatari ya haraka kwa Mkristo: inakukalisha kwenye kiti cha Hakimu kabla hujatambua kwamba umekaa. Bwana wetu alipoletewa yule mwanamke aliyefumaniwa ili amhukumu, aliinama kwanza akaandika chini, watu wamemzunguka wanamhimiza. Yeye aliyejua yote hakuharakishwa. Wewe ulishindwa kusema, "Sijui, ngoja niulize kwa mkewe."

Gervas naye alipaswa kumsikiliza Jenipher, na nitamwambia hivyo akiniandikia. Ila yeye amekubali kutukanwa badala yako, na wewe ukacheka. Hilo la jikoni, mwanangu, lina uzito zaidi kuliko la simu. Kwenye simu ulikuwa na haraka. Jikoni ulikuwa na nafasi.

Sasa mpango wako wa Jumamosi. Naukataa. Unataka kumwaga kila kitu mbele ya watu, kwenye nyumba ya mfiwa, kisha ukimbilie Kimbiji kabla hajapata hata la kukujibu. Hiyo ni haraka ileile, safari hii imevaa nguo za toba. Unataka mzigo ukutoke, hujafikiria utamwangukia nani.

Nenda kwa Gervas leo, umwombe radhi. Muende wote wawili kwa padri, mmweleze ilivyokuwa, naye asikilize maungamo yako. Mwombeni Misa ya kumwombea mzee na kubariki kaburi, na watu wa Chanika waalikwe, wasome wao masomo. Ukatibu usiuache kwa hasira yako mwenyewe. Jumuiya ikishajua ukweli, iamue yenyewe.

Kisha nenda kwa Bibi Flaviana kabla ya Jumamosi, peke yako, mchana. Mwambie, "Bibi, aliyesema mzee aliacha kusali ni mimi, sikuuliza, nilikosea, Gervas hana kosa la neno hilo." Wala usiongeze habari za mteja na sare. Usimwombe akusamehe papo hapo. Msamaha ni wake, na siku ya kuutoa ataichagua yeye, hata ikiwa mwakani, hata ukiwa umezeeka. Akikufukuza, ondoka, na kama hataki uongoze sala, mpishe mwingine. Na akinyamaza, nyamaza naye. Usianze kulia ili akubembeleze. Mfiwa ni yeye.